Ugonjwa Alioukana Rais Kennedy

Wazee wa Kolwezi wangali wakiusimulia mwezi wa Januari 1963. Moise Tshombe alikuwa amekimbilia katika mji wetu, ngome ya mwisho ya Katanga iliyojitenga na Kongo, na habari zilienea kwamba mitambo ya Union Minière na mabwawa ya umeme yamekwisha kutegewa baruti. Tarehe 14 Januari ikatangazwa kwamba kujitenga kumekwisha. Tarehe 21 askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia Kolwezi bila mapigano, na mabwawa yakasalimika.

Katika siku hizo jina la John Kennedy lilitajwa sana katika nchi yetu. Alikuwa ameapishwa kuwa Rais wa Marekani tarehe 20 Januari 1961, siku tatu tu baada ya Patrice Lumumba kuuawa huku Katanga. Mwezi wa Februari 1962 alimpokea waziri wetu mkuu, Cyrille Adoula, mjini Washington, na ndege za jeshi lake ndizo zilizosaidia kuwachukua askari wa Umoja wa Mataifa. Wengine walimbariki, wengine walimlaani, kila mtu kwa kadiri ya upande aliousimamia. Tena alikuwa Mkatoliki, wa kwanza kupata urais katika nchi ile, na jambo hilo lilifurahisha misioni nyingi hata mahali ambapo siasa yake haikupendwa.

Lakini leo hatutaki kusema juu ya siasa yake. Twataka kusema juu ya mwili wake. Maana mtu huyo aliyeonekana kijana na mwenye nguvu, ngozi yake ikimeta kama ya mtu atokaye pwani, alikuwa akimeza dawa kila siku, na kama angeiacha kwa siku chache angalikufa. Ugonjwa wake ulikuwa na jina, naye akalikana jina hilo mbele ya watu wote. Na jinsi lilivyokanwa, kwa maneno yaliyochaguliwa kwa uangalifu mno, inatufaa sana sisi tunaotaka kujua tofauti ya magonjwa mawili ambayo hata leo huchanganywa, tena huua watu waliokuwa na haki ya kuishi.

Kila mtu ana figo mbili, na juu ya kila figo imekaa tezi ndogo, kama kofia iliyowekwa upande. Bartolomeo Eustachi, mwalimu wa uganga mjini Roma, alizieleza tezi hizo katika miaka ya 1560. Kazi yake hakuijua. Miaka mia moja na hamsini ikapita, na wataalamu wa mji wa Bordeaux huko Ufaransa wakaweka shindano, wakiahidi tuzo kwa mtu atakayeeleza tezi hizi zafanya nini. Mwaka 1718 mwandishi mashuhuri Montesquieu akasimama kutoa hukumu ya majibu. Akasema hakuna hata moja lililostahili tuzo. Twaipenda hadithi hii, kwa sababu wenye elimu ni nadra kukubali mbele ya watu kwamba hawajui.

Aliyefungua mlango ni Mwingereza Thomas Addison, mganga wa hospitali ya Guy's mjini London. Watu husema alikuwa mkali na mwenye haya pamoja, asiyejua kujipendekeza, lakini macho yake hayakupitwa na kitu kitandani pa mgonjwa. Aliona wagonjwa waliofanana kwa namna ya ajabu: wanadhoofika bila sababu, moyo unapiga kwa unyonge, chakula hawakitaki, wanatapika, na ngozi yao inageuka rangi, inakuwa kama shaba iliyokaa moshini. Walipokufa, akawapasua, akakuta tezi zile za juu ya figo zimeharibika. Alilisema jambo hilo mara ya kwanza mwaka 1849, na mwaka 1855 akatoa kitabu chenye habari za wagonjwa kumi na mmoja. Karibu nusu yao tezi zao zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu. Wengine walikuwa na saratani. Na mmoja tezi zake zilikuwa zimenywea tu, ndogo na kavu, pasipo alama ya kifua kikuu wala saratani. Msomaji amkumbuke mgonjwa huyo mmoja, maana tutarudi kwake.

Mwaka uliofuata Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa kisiwa cha Mauritius katika bahari yetu hii ya Hindi, akawatoa wanyama tezi zao huko Paris, nao wakafa wote upesi. Basi ikajulikana kwamba tezi hizi si pambo. Mfaransa Armand Trousseau ndiye aliyeuita ugonjwa kwa jina la Addison. Addison mwenyewe hakuona matunda ya kazi yake: alifariki mwaka 1860 huko Brighton, akiwa ameelemewa na huzuni kubwa ya moyo.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya ngozi. Addison aliandika juu ya Wazungu, ambao rangi ya shaba usoni huonekana mara moja. Je, mtu mweusi wa Kolwezi? Ugonjwa ni uleule na giza ni lilelile, ila alama zake zatafutwa penginepo: katika mistari ya viganja, katika fizi na ulimi, ndani ya mashavu, kwenye viungo vya vidole, na katika makovu ya karibuni, ambayo huwa meusi kupita kiasi. Fizi za watu wengi wetu ni nyeusi tangu kuzaliwa, na hilo si ugonjwa. Cha kuuliza ni hiki: zimebadilika? Anayeweza kujibu si daktari aliyemwona mgonjwa leo, bali mke, mume au mama anayemjua tangu zamani. Mtu akizidi kukonda na kuwa mweusi, si ajabu majirani wakanong'ona kwamba amelogwa, na hapo ndipo wakati wa kumwokoa hupotea kwa kutafuta aliyemloga.

Sasa tumrudie Kennedy. Mwaka 1947, akiwa na miaka thelathini na mbunge mpya wa jimbo la Massachusetts, alisafiri kwenda Ireland na Uingereza. Mjini London akaanguka: shinikizo la damu limeshuka, anatapika, hana nguvu za kusimama. Daktari Mwingereza akalitambua jambo lenyewe kuwa ugonjwa wa Addison, akamwambia rafiki wa mgonjwa kwamba kijana huyo hatamaliza mwaka. Katika safari ya kurudi kwao akapewa Mpako wa Mwisho, kama sakramenti ile ilivyoitwa siku zile. Akapona. Mwaka 1951 akashikwa na homa kali akiwa safarini Asia, na mwaka 1954 akaingiwa na uchafu wa kidonda baada ya kupasuliwa mgongo mjini New York. Mara zote mbili akapakwa tena mafuta matakatifu. Akapona tena. Wakristo wengine husema mpako humwita mtu kaburini. Basi wamtazame mtu huyu! Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulipoandika, tarehe 4 Desemba 1963, kwamba yafaa zaidi sakramenti hii iitwe Mpako wa Wagonjwa, Kennedy alikuwa na siku kumi na mbili tu tangu kufa, na si kwa ugonjwa huo.

Ni nini kilichomwokoa? Kwa sehemu, ni bahati ya kuzaliwa wakati unaofaa. Kabla ya miaka ya 1930 wagonjwa wa Addison walikufa karibu wote baada ya muda si mrefu. Katika miaka hiyo Robert Loeb wa New York akaonyesha kwamba mwili wao unapoteza chumvi, na kwamba kuwapa chumvi nyingi kunawaongezea siku. Huko Uswisi Tadeus Reichstein, na huko Marekani Edward Kendall, wakawa wanatoa katika tezi za ng'ombe vitu vile vinavyotengenezwa humo, kimoja kimoja, kwa kazi ya kuchosha. Kimoja kilikuwa cha kushika chumvi, nacho kikatengenezwa kuwa vidonge vya kupachikwa chini ya ngozi. Kennedy alipachikwa hivyo pajani. Kingine tunakiita leo kortisoni. Mwaka 1948 Philip Hench akampa kortisoni mwanamke aliyepindwa na ugonjwa wa viungo, naye baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa pamoja tuzo ya Nobel.

Kortisoni ya kwanza ilitoka katika nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya thelathini, na ilikuwa ghali mno. Watu wakatafuta mmea. Mwaka 1949 Wamarekani wakatuma watu Afrika ya Magharibi kutafuta mbegu za Strophanthus, ndugu wa mmea ule ambao wawindaji wa Zambezi walipaka sumu yake kwenye mishale, sumu iliyoitwa kombe, ambayo Daktari Kirk, mwenzake Livingstone, aliijua karibu mwaka 1860. Mwishowe si Afrika iliyowapa dawa, bali viazi vikuu vya porini vya Meksiko, pamoja na ukungu mmoja, kama ule uotao juu ya mkate, uliofanya kwa usiku mmoja kazi iliyowashinda wataalamu. Dawa ikashuka bei. Toka hapo aliyekuwa amehukumiwa kufa akaweza kuishi, kufanya kazi, hata kuwania urais.

Twafika mwaka 1960. Mwezi wa Julai, siku chache kabla chama chake hakijachagua mgombea, watu wa Lyndon Johnson, mshindani wake, waliwaambia waandishi wa habari kwamba Kennedy ana ugonjwa wa Addison na kwamba pasipo kortisoni hawezi kuishi. Walikuwa wanasema kweli. Upande wa Kennedy ukajibu kwa kinywa cha ndugu yake Robert na kwa barua za madaktari. Jibu lilikuwa hivi, kwa maneno yetu: kwamba hana wala hakuwa na ugonjwa ule ulioelezwa tangu kale kuwa ni wa Addison, yaani kuliwa kwa tezi na kifua kikuu. Alichokuwa nacho, wakasema, ni upungufu kidogo tu wa tezi, uliotokana na taabu za vitani na malaria aliyoipata katika bahari ya Pasifiki. Baada ya kushinda uchaguzi wa Novemba, Kennedy mwenyewe alipoulizwa akasema waziwazi kwamba hakupata kamwe kuwa na ugonjwa wa Addison.

Angalieni jinsi maneno hayo yalivyojengwa. Kifua kikuu hakuwa nacho, hiyo ni kweli. Lakini mwaka 1960 hakuna daktari wa tezi aliyefikiri kwamba Addison ni kifua kikuu peke yake. Mwaka 1957 waganga wa Glasgow walikuwa wamekwisha kuona katika damu ya wagonjwa hawa kingamwili zinazopigana na tezi zao wenyewe. Yaani askari wa mwili, waliowekwa kulinda mlango dhidi ya vijidudu, wanageuka na kuivamia nyumba wanayoilinda. Hicho ndicho kilichompata yule mgonjwa mmoja wa Addison ambaye tezi zake zilinywea tu. Na katika nchi ambazo kifua kikuu kimepungua, namna hii ndiyo iliyo kubwa: wagonjwa wanane hata tisa katika kumi.

Seminarini tulifundishwa jambo linaloitwa kwa Kilatini reservatio mentalis: mtu anasema nusu kwa mdomo na nusu anaibakiza moyoni, ili msikiaji adanganyike na yeye ajione hakusema uongo. Papa Inosenti XI aliyalaani mafundisho ya walioruhusu hila hiyo kupita kiasi, mwaka 1679. Hatumhukumu Kennedy. Watu walikuwa tayari kumnyima kura kwa sababu ya dini yake, na ugonjwa ungekuwa kisingizio cha pili. Lakini kusema kwamba jibu lile lilikuwa kweli hatuwezi. Lile neno la kwanza lilikuwa nusu ya aina hiyo. Lile la Novemba halikuwa na nusu yo yote.

Tena ushahidi ulikuwa umekwisha kuchapwa. Mwaka 1955 madaktari wa New York walikuwa wameandika katika gazeti la upasuaji juu ya mwanamume wa miaka 37, mwenye ugonjwa wa Addison, aliyepasuliwa mgongo tarehe 21 Oktoba 1954. Jina hawakulitaja. Halikutambuliwa hadharani hata mwaka 1967, alipokuwa amekwisha kuzikwa. Mwaka 1992 mmoja wa madaktari waliokuwapo maiti yake ilipochunguzwa akasema kwamba tezi hazikuonekana kabisa. Na mwaka 2009 daktari mmoja wa jeshi la majini la Marekani, baada ya kusoma mafaili yote, akaandika kwamba Kennedy alikuwa na ugonjwa wa mwili kujishambulia, uliogusa tezi za juu ya figo na tezi ya shingoni pamoja. Dada yake Eunice naye alikuwa na Addison, na magonjwa ya namna hii hupenda kuandamana katika ukoo.

Wako waliodhani vingine. Walisema labda tezi zake hazikushambuliwa, bali zililazwa usingizi na dawa za namna ya kortisoni alizopewa kwa ajili ya tumbo tangu ujana. Neno hili halitupwi ovyo, maana linatupeleka penyewe: tofauti ya tezi iliyokufa na tezi iliyolala.

Tezi za juu ya figo hazijiamuru. Chini ya ubongo iko tezi nyingine, ndogo kama punje ya njegere, iitwayo pituitari, inayotuma homoni ya amri: tengenezeni kortisoli. Kortisoli ikitosha, amri inapungua. Basi tuseme tezi za juu ya figo zimekufa. Pituitari inatuma amri, hakuna jibu. Inapaza sauti, inatuma zaidi na zaidi. Na homoni hiyo ya amri hutoka katika asili moja na ile inayoitia ngozi rangi, nayo yenyewe huigusa ngozi. Kumbe giza la ngozi aliloliona Addison ni kelele za pituitari inayoita pasipo kuitikiwa. Sasa tuseme mtu anakunywa vidonge vya prednisoloni au deksametasoni kwa wiki nyingi. Pituitari inaona damu imejaa, inanyamaza. Tezi za juu ya figo hazipati amri, zinalala, zinanywea. Hapa hakuna kelele, wala ngozi haiwi nyeusi.

Alama ya pili ni chumvi. Homoni inayoshika chumvi mwilini, aldosteroni, iliyojulikana mwaka 1953, hutengenezwa katika tezi hizohizo, lakini amri yake kubwa hutoka kwenye figo, si pituitari. Tezi ikilala kwa kukosa amri ya pituitari, kazi ya chumvi inaendelea. Tezi ikifa, yote yamekufa, na mgonjwa hutamani chumvi hata kuilamba mkononi, damu yake ikipungukiwa chumvi na kuzidi potasiamu. Vile vidonge vya pajani mwa Kennedy vilikuwa vya kushika chumvi. Ngozi yake ilikuwa ya shaba hata wakati wa baridi. Ndiyo maana sisi tunaona waliosema tezi zake zilikufa wana hoja yenye nguvu zaidi.

Hospitalini siku hizi hawakisii. Damu hupimwa asubuhi, kortisoli pamoja na ile homoni ya amri: kortisoli chini na amri juu sana, tezi imekufa, zote mbili chini, tezi imelala. Huweza pia kuchoma sindano ya amri na kutazama kama kortisoli inapanda baada ya nusu saa na saa nzima, ijapokuwa tezi iliyolala muda mrefu nayo yaweza kukosa kuitika, kama mtu aliyeamshwa ghafula. Kama tezi imekufa, hutafuta kingamwili zile. Wataalamu walitambua mwaka 1992 ni kitu gani hasa ndani ya tezi zinachokishambulia. Na zisipoonekana, daktari mwenye busara atafikiri kifua kikuu.

Maana kwetu kifua kikuu hakijakwisha. Tangu Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, na baadaye Gécamines, hata wachimbaji wa mikono wa leo huko Kasulo na wauzaji wa Musompo, watu wa ukanda huu wa shaba wamevuta vumbi la mawe, na mapafu yenye vumbi la mawe hukaribisha kifua kikuu kwa urahisi. Vijidudu vyake vyaweza kusafiri ndani ya damu hata kwenye tezi, na tezi ikaharibika miaka mingi baada ya kikohozi. Jambo jingine si wengi wanaolijua: rifampisini, dawa njema na ya lazima ya kifua kikuu, hulifanya ini liteketeze kortisoli upesi zaidi. Mtu mwenye tezi zilizobakiza nguvu kidogo aweza kuanguka katika wiki za kwanza za matibabu, na watu wakadhani dawa inamwua. Dawa isiachwe. Daktari aambiwe.

Na namna ya pili, ile ya tezi kulala, twaitengeneza wenyewe. Deksametasoni inauzwa mikononi mwa wachuuzi, na wako mabinti wanaoimeza ili wanenepe na kupata umbo. Wazee hupewa vidonge vya namna hiyo kwa maumivu ya viungo bila kuambiwa ni nini. Krimu nyingi za kujichubua zina klobetasoli, dawa kali ya ukoo wa kortisoni, inayopenya ngozi na kuingia katika damu ikipakwa mwili mzima kila siku. Angalieni kinyume chake: ugonjwa wa Addison unaitia ngozi giza, na huyu ameiondoa rangi ya ngozi yake kwa mkono wake, wote wawili wakifika katika udhaifu uleule. Mmoja hakutaka. Mwingine aliuziwa.

Watu wa Kennedy walipolitumia lile neno "kidogo", walitaka wapiga kura wasiogope. Lakini tezi iliyolala ni udhaifu mdogo siku za amani tu. Mtu mzima akipatwa na homa kali, ajali au kupasuliwa, tezi zake huongeza kortisoli mara kadhaa. Aliyelala hawezi. Anatapika, shinikizo linashuka, anapoteza fahamu, na kama hakuchomwa haidrokortisoni na kuongezewa maji ya chumvi upesi, atakufa sawasawa na yule ambaye tezi zake zimekufa. Tena mara nyingi shari huanza siku anapoamua kuacha. Tumesikia mahubiri ya kuwahimiza wasichana wakatupe krimu na vidonge vyao siku hiyohiyo. Nia ni njema, lakini aliyetumia kwa miezi asitupe siku moja. Apunguze kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari, tezi ziamke taratibu, na kuamka kwaweza kuchukua miezi, pengine mwaka mzima. Mwenye tezi iliyokufa, yeye hangoji kuamka: atameza haidrokortisoni kila siku ya maisha yake, na fludrokortisoni kwa ajili ya chumvi, akizidisha dozi siku za homa kama alivyoelekezwa, naye aweza kuzaa, kulima na kuzeeka.

Sisi makatekista twaingia nyumba nyingi kabla ya daktari, tukimpelekea padre habari za wagonjwa. Maswali mawili hayagharimu kitu: ngozi na fizi zake zimebadilika tangu lini, na alikuwa akimeza au kupaka nini mpaka wiki iliyopita? La pili huulizwa faraghani, maana mbele ya shemeji na mama mkwe hakuna atakayelijibu.

Tarehe 22 Novemba 1963 Kennedy alipigwa risasi mjini Dallas, akakimbizwa hospitali ya Parkland. Padre Oscar Huber aliitwa, akampaka mafuta. Kabla ya hapo, madaktari vijana walipokuwa wakipigania pumzi yake, daktari wake wa Ikulu, Admirali George Burkley, aliwapa haidrokortisoni wamchome. Wakamchoma miligramu 300, dozi ya mtu asiye na tezi.